Tuisheni ya Histori kwa PC, Majengo Mtwara: nilivyosomeshwa marufuku ya pombe ya Marekani

Kila nikisema nasoma tuisheni ya Histori watu wananiuliza ni ipi, unalipa bei gani, inafaa kwa PC, yaani mtahiniwa binafsi, au ni ya madogo wa shule tu, basi naandika hapa mara moja kila mtu asome. Ni ile ya Majengo hapa Mtwara mjini, nyumba yenye baraza refu, unaingilia uchochoro wenye mashine ya kusaga, haina bango wala kipeperushi, ukifika uliza tuisheni ya Histori hata watoto watakuonyesha. Jina la mwalimu siliweki maana hajanituma kumtangaza. Ni mwalimu mstaafu wa sekondari, anafundisha Histori ya fomu faivu na fomu siksi peke yake, hana somo lingine, na darasani wengi ni PC tunaorudia mtihani huku mchana tuna kazi zetu. Mimi nakaa kibanda cha miamala, kuna bodaboda wawili, kuna dada anauza samaki feri, kuna kijana anavuka na pantoni kutoka Msangamkuu, na kuna baba mmoja wa makamo mtu wa Newala anafanya ulinzi usiku, huyo anawahi kuondoka kuliko wote ila kwa maswali hakuna anayemfikia.

Bei ni elfu ishirini kwa mwezi, unalipa kwa simu au mkononi, ukiwa umekwama unaongea naye anakusikiliza. Jumatatu mpaka Ijumaa kuanzia saa 11 jioni, mnakatisha kwa ajili ya swala ya Magharibi, mnarudi mpaka kama saa 2 kasoro hivi. Jumamosi asubuhi ni diskasheni, hiyo hailipiwi na siyo lazima, ila mi nakushauri usikose.

Sasa nataka niongelee mada moja tu, marufuku ya pombe Marekani, kwa sababu kwenye hiyo ndo nimeona huyu mzee anafundisha kitu ambacho sehemu nyingine sikukipata. Mada yenyewe inakaa katikati ya habari za Marekani kukua kiuchumi na lile anguko la uchumi la 1929, na wengi wetu tunaipitaga juu juu, unaandika mistari miwili kwamba pombe ilikatazwa 1920 ikaruhusiwa 1933, umeshahamia New Deal, ule mpango wa Rais Roosevelt wa kufufua uchumi. Tuisheni niliyokuwa nasoma mwanzo ilikuwa hivyo hivyo, unasomewa pointi sita za sababu na pointi sita za matokeo, unaandika, unakariri, ukiulizwa kwa nini pointi ya tatu imekuja baada ya ya pili huna cha kujibu. Huyu yeye alitupa insha ya kuandika nyumbani kurasa nne na swali lake lilikuwa moja, kwa nini sheria iliyopita kwa nguvu kiasi kile, mpaka ikaingizwa kwenye katiba ya nchi, haikufikisha hata miaka 14. Halafu akasema pointi hampi mtu, tutazitafuta wote ubaoni wiki nzima.

Jioni ya kwanza hakuigusa 1920 kabisa. Alianzia 1830, akasema ili uelewe kwa nini watu walitaka pombe ikatazwe lazima kwanza uone walikuwa wanakunywaje, na akaandika ubaoni kwamba makadirio ya wanahistoria ni kama galoni 7 za alkoholi tupu kwa mtu mzima mmoja kwa mwaka, hiyo ni zaidi ya lita 26, na siyo bia hiyo, ni kilevi chenyewe kikishachujwa maji yote. Darasa lilinyamaza. Akatuuliza mshahara wa wiki wa kibarua ukiishia kilabuni Jumamosi, Jumapili nani anaangaliwa usoni na watoto wenye njaa. Yule dada wa samaki akajibu palepale, "Mama, mwalimu, nani mwingine." Akasema haya, andika hiyo, ndo sababu yako ya kwanza na usiiandike kama neno "dini" peke yake, andika kwamba wanawake wa wakati ule walikuwa hawana kura, wengi hata mali haikuwa mikononi mwao, kwahiyo kupiga vita pombe ilikuwa ndo njia yao ya kuingia kwenye siasa. Hapo ndo akaleta chama cha wanawake Wakristo cha kupinga ulevi, Woman's Christian Temperance Union, kilichoanzishwa 1874 na baadaye kikaongozwa na Frances Willard, na yule mama Carrie Nation wa Kansas aliyekuwa anaingia vilabuni na shoka anavunja chupa na kaunta. Kansas ilikuwa imeshakataza pombe kwenye katiba yake tangu miaka ya 1880 na vilabu vikawa vinafanya kazi waziwazi, na mzee akasema mkumbuke hilo, sheria kuwepo na sheria kutekelezwa ni vitu viwili, tutarudi hapo.

Na kweli alirudi.

Jioni iliyofuata ilikuwa ya siasa, na kiukweli hii ndo iliyonifungua macho. Nilikuwa nadhani marufuku ililetwa na wachungaji wakali basi. Kumbe kulikuwa na chama kinaitwa Anti-Saloon League, kilianzia Oberlin huko Ohio mwaka 1893, na mtu wake mkubwa Wayne Wheeler alikuwa na mbinu moja, hajali wewe ni chama gani, hajali hata kama wewe mwenyewe unakunywa nyumbani kwako, anachotaka ni kura yako bungeni tu, ukipiga kura ya kukataza pombe anakuletea wapiga kura wake, ukikataa anawahamishia kwa mpinzani wako. Mzee anasema ukiandika hii kwenye mtihani anayesahihisha anajua umesoma, maana inaeleza ilikuwaje wanasiasa wanywaji wakapitisha sheria ya kukataza pombe.

Baba mlinzi akainua mkono, "Samahani mwalimu, sasa serikali gani itakubali kufuta kodi yake yenyewe?" Swali zuri mno hilo na mzee alifurahi mpaka akakaa chini. Kwa miaka mingi ushuru wa pombe ulikuwa unaingiza sehemu kubwa sana ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, kuna miaka ilifika karibu theluthi, kwahiyo hata wapinga pombe wangepiga kelele vipi, hazina isingekubali. Kilichobadilika ni mwaka 1913, Marekebisho ya 16 ya Katiba yakaruhusu kodi ya mapato. Serikali ikapata chanzo kingine. Yaani ukiunganisha hapo unaona mambo mawili ambayo kwenye madesa yanakaa kurasa tofauti kabisa, kodi ya mapato na marufuku ya pombe, kumbe moja limefungulia jingine mlango. Halafu 1917 Marekani ikaingia vitani kupigana na Ujerumani, na viwanda vikubwa vya bia vilikuwa vya watu wenye asili ya Kijerumani, majina kama Pabst, Schlitz na Busch, basi kunywa bia ikawa kama kumsaidia adui, na juu yake ikaja hoja kwamba nafaka iende kwenye mikate ya askari siyo kwenye mapipa ya bia. Congress, yaani bunge lao, ikapitisha Marekebisho ya 18, yale ya kukataza pombe, mwezi Desemba 1917, majimbo 36 kati ya 48 yakahitajika kuridhia na yakapatikana mpaka tarehe 16 Januari 1919, mwaka mmoja na kidogo tu. Mwishoni majimbo yaliyogoma kabisa yalikuwa Connecticut na Rhode Island.

Sababu za kupita ndo hizo na mnaona zinavyoshikana, ukitoa moja nyingine inapwaya. Mimi hapo nilishaanza kupenda.

Kisha akatuandikia maneno ya sheria yenyewe, siyo yote, yale ya muhimu, akatuambia tutafute kilichokosekana. Inakataza kutengeneza, kuuza, kusafirisha, kuingiza nchini na kutoa nje. Tumekaa tunaangalia, bodaboda mmoja ndo akaona, "Mwalimu, mbona kunywa hakujakatazwa?" Ndo hivyo. Kunywa hakukukatazwa, na chupa ulizonunua kabla ya tarehe 17 Januari 1920 ni zako, wenye hela walijaza stoo zao kabla ya siku hiyo, mfanyakazi wa kiwandani anayenunua glasi moja moja yeye ndo aliyekatiwa. Ukitaka pointi ya kwanza ya kwa nini sheria ilichukiwa, hiyo hapo, ilimbana maskini zaidi. Juu yake ikaja sheria ya Volstead ya Oktoba 1919, Rais Wilson aliikataa kwa kura ya turufu, Congress ikaipitisha hivyo hivyo, na hiyo ikasema kinywaji chochote chenye kilevi zaidi ya asilimia 0.5 ni haramu. Wengi walikuwa wanaamini wanaolengwa ni wa pombe kali, wakashtuka na bia nayo imo, na divai. Ila divai ya ibada makanisani na kwenye masinagogi ikaruhusiwa, na wiski ya dawa ikaruhusiwa ukiwa na cheti cha daktari, unaweza kufikiria mwenyewe madaktari walivyopata wagonjwa.

Kwenye utekelezaji ndo mzee akarudi kwenye lile neno la Kansas. Maofisa wa serikali kuu mwanzoni walikuwa kama 1,500 hivi kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 100, mishahara yao midogo, mipaka mirefu, bahari pande zote mbili. Akachora mto Detroit, upande huu mji wa Detroit, upande ule Windsor ya Kanada ambako kutengeneza pombe ya kuuza nje kulikuwa halali. Yule kijana wa Msangamkuu akacheka akasema mwalimu hapo hakuna haja ya kueleza. Sisi watu wa huku na Ruvuma yetu, tumekua tunasikia habari za mitumbwi ya usiku, mtu wa Mtwara ukimwambia mto, mpaka na bidhaa inayolipa upande wa pili, ameshamaliza kuelewa. Na baharini meli zilikuwa zinatia nanga nje kidogo ya eneo la maji la Marekani, boti za mwendo kasi zinazifuata gizani.

Hapa ndo akaingia Al Capone wa Chicago, na namshukuru mzee hakutuacha tugeuze kipindi kiwe hadithi ya majambazi, maana kila mtu alikuwa ameshawahi kumsikia. Alitaka tuone biashara. Bidhaa inahitajika, wauzaji halali wameondolewa, faida ni kubwa na ukidhulumiwa huwezi kwenda mahakamani kudai, basi bunduki ndo inakuwa mahakama. Tarehe 14 Februari 1929 watu 7 waliuawa Chicago kwenye gereji moja kwa ugomvi wa magenge. Halafu ona Capone alivyopatikana, siyo kwa pombe wala kwa mauaji, mwaka 1931 alihukumiwa miaka 11 kwa kukwepa kodi ya mapato. Kodi ileile ya 1913! Mzee alizungushia duara ubaoni, akachora mshale kutoka 1913 mpaka 1931, na mimi huo mshale nimeuchora hivyo hivyo kwenye daftari langu.

Kuhusu sumu alikuwa makini sana na naona hapo ndo mwalimu anapopimwa. Serikali ilikuwa inaagiza alkoholi ya viwandani itiwe kemikali ili isinyweke, methanoli ikiwemo, wafanya magendo wakawa wanaiiba na kujaribu kuisafisha, haisafiki vizuri, watu wanakufa na wengine macho yanapofuka. Na mwaka 1930 maelfu ya watu walipooza miguu kwa kunywa dawa ya tangawizi iliyokuwa na kilevi ndani, ilikuwa imechanganywa kemikali yenye sumu ili ipite ukaguzi. Darasa zima tulikuwa tunafikiria kitu kimoja wala hakuna aliyesema. Kila msimu wa korosho huku kwetu mabibo yanajaa, uraka, pombe ya mabibo, unanyweka Masasi, Newala, Tandahimba, na yakikaushwa yanapikwa gongo, gongo imekatazwa na sheria ya nchi tangu miaka ya 1960 na bado ipo, na kila mtu hapa anayo familia anayoijua iliyoharibika au mtu aliyezikwa kwa ajili yake. Baba mlinzi akasema bibi yake alisomesha watoto kwa uraka. Dada wa samaki akasema yeye kaka yake gongo imemmaliza. Mzee akawaacha wote wawili waongee, hakumkatiza mtu, akasema mmeona, mnachosema nyie wawili ndicho walichokuwa wanabishania Wamarekani miaka mia iliyopita na wote wawili mna haki ya kusikilizwa.

Ila akatuonya. Kwenye insha ya Marekani usiandike gongo, siyo ushahidi wa Marekani. Na usidhani kila katazo ni sawa, akatukumbusha viroba, Machi 2017 serikali yetu ilipiga marufuku pombe za kwenye vifuko vya plastiki, waliokuwepo wanakumbuka aliyekuwa Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, mtu wa Ruangwa hapo jirani, ndiye aliyetangaza. Lile lilikuwa katazo la kifungashio, pombe yenyewe iliendelea kuuzwa kwenye chupa, na ilikuwa amri ya serikali ambayo inaweza kurekebishwa. Marekani waliliweka katazo zima ndani ya katiba. Ukishaweka kwenye katiba huwezi kulegeza kidogo kidogo kirahisi, ukitaka kulitoa lenyewe unahitaji majimbo 36 tena. Mimi naamini hii ndo pointi kubwa kuliko zote kwenye swali lake na nimeijengea insha yangu yote, kwamba waliofunga mlango ule walikataa kuacha hata dirisha la bia nyepesi, na wafanyakazi waliokuwa tayari kuishi na marufuku ya pombe kali wakasukumwa kwa wanaotaka kufuta kila kitu.

Kitu kingine ambacho sikukipata popote ni upande wa pili wa mizani. Madesa yote yanasema marufuku ilishindwa. Mzee akauliza ilishindwa kufanya nini? Makadirio ya wanauchumi ni kwamba unywaji mwanzoni ulishuka sana, mpaka kama asilimia 30 ya ulivyokuwa kabla, halafu baada ya miaka michache ukapanda mpaka asilimia 60 au 70, yaani haukurudi wote. Vifo vya ugonjwa wa ini unaoletwa na pombe vilikuwa chini miaka ile. Kwahiyo ukiandika kwamba watu walikunywa zaidi wakati wa marufuku kuliko kabla yake unaandika uongo, na wengi wanauandika. Kilichoshindikana ni kuufanya uhalifu usilipe, kuifanya sheria iheshimiwe na kuwalinda watu na pombe yenye sumu. Alituambia mtu anayesema "ilishindwa" aseme kwa kipimo gani. Hilo neno kipimo sasa nalitumia kila mada, nikisoma mapinduzi, nikisoma ukoloni, popote.

Kufutwa kwake alikwenda haraka kidogo, sijui aliona muda, hapo ningependa angekaa zaidi. Anguko la uchumi la 1929 likaleta mamilioni wasio na kazi, serikali haina mapato maana kodi ya mapato nayo imeanguka, hoja ya kufungua viwanda vya bia ili kupata ajira na ushuru ikawa tamu. Mwaka huohuo wa 1929 Pauline Sabin akaanzisha umoja wa wanawake wa kutaka marufuku ifutwe, na hii ni nzuri kwa insha kwa sababu wanawake walisaidia kuileta na wanawake wengine wakasaidia kuiondoa. Mwaka 1932 hata tajiri John D. Rockefeller mdogo, ambaye hakuwa mnywaji na familia yake iliwahi kuwachangia wapinga pombe, akatangaza kwa barua kwamba ameona madhara yamezidi na anaunga mkono kufutwa. Roosevelt akashinda uchaguzi mwaka huohuo, tarehe 7 Aprili 1933 bia ya asilimia 3.2 ikaanza kuuzwa kihalali, na tarehe 5 Desemba 1933 Utah ikawa jimbo la 36 kuridhia Marekebisho ya 21. Yaliridhiwa na mikutano maalumu ya majimbo badala ya mabunge yao, na mpaka leo ndiyo marekebisho pekee ya katiba yao yaliyofuta marekebisho mengine. Baada ya hapo kila jimbo likajiamulia, Mississippi ilibaki na marufuku mpaka 1966.

Insha tulipeleka Ijumaa. Anasahihisha kwa kalamu nyekundu kila ukurasa, hakupi alama tu, anaandika pembeni "ushahidi uko wapi" au "hii imeletwa na ipi", yangu alinirudishia utangulizi niuandike upya mara mbili mpaka ukasema jambo moja linaloeleweka. Anafundisha kwa Kiswahili mpaka muelewe halafu nusu saa ya mwisho anarudi kwenye Kiingereza cha mtihani, mnajenga sentensi wote ubaoni, na kwa PC kama sisi tuliokaa nje ya shule muda mrefu huu utaratibu ni msaada mkubwa mno. Mtu aliyesoma kwa kutafsiriwa kichwani mwake peke yake miaka yote miwili atanielewa.

Sasa yasiyopendeza, maana yapo na nataka muyajue kabla hamjatoa hela.

Desa lake la fotokopi halisomeki vizuri, kurasa za pembeni zimekatika, tarehe zingine inabidi umuulize mwenzako. Aliyekaa nyuma baraza likijaa haoni ubao, na umeme ukikatika mnamulikia kwa tochi za simu, ana taa moja ya sola haitoshi watu wote. Mbu wapo, njoo umevaa nguo ndefu. Choo ni kimoja, maji mara nyingine yapo kwenye ndoo mara nyingine hayapo, kwa sisi wanawake hiyo ni kero kubwa na nimeshamwambia, ameahidi. Kusahihisha kwake ni kuzuri lakini kunachelewa, insha unaweza kuisubiri mpaka umeshaisahau mada. Muda wa kutoka nao ni tatizo kwa wanaoishi mbali, dada mmoja wa Mikindani aliacha kwa sababu ya usafiri wa usiku, na iliniuma maana alikuwa anaelewa kuliko wengi wetu. Ningeomba mzee awafikirie watu wa mbali kwa kuwawekea kipindi cha Jumamosi na Jumapili kamili, siyo diskasheni tu.

La mwisho na la muhimu, haendi haraka. Wiki nzima kwa marufuku ya pombe ni nyingi kama mtihani wako ni Mei na hujagusa hata Afrika kabla ya ukoloni. Anayetaka kumaliza silabasi nzima kwa miezi mitatu, hapa hapamfai, atafute mahali pa kusolve maswali ya miaka ya nyuma kwanza. Anayeanza mapema, au aliyepata E na anajua alikariri bila kuelewa, huyo aende na asisite, elfu ishirini yake itarudi. Wazazi wenye watoto wa fomu faivu pia naona wangefaidi, hasa wa HKL na HGL, ingawa madogo wenyewe wanaona anachelewesha.

Wiki ijayo Jumatatu anaanza New Deal, ni mada inayoungana moja kwa moja na hii, kwahiyo anayetaka kujiunga sa hivi ni wakati mzuri. Njoo na kaunta buku la kwaya tatu, hataki makaratasi ya kuchanachana, kaa mbele upande wa dirishani ndo ubao unaonekana, na kama hela haijatimia mfuate kabla hajaanza kipindi umweleze mwenyewe, usimtume mtu.